Umeme wa Treni Hauchotwi

Sisi tuliokulia kando ya reli, kati ya Manyoni na Itigi, hatukujifunza kuchimba visima. Tulijifunza kusubiri treni. Pale stesheni palikuwa na tangi la chuma limesimama juu ya miguu yake, na maji yake yalikuwa ya treni, si ya watu. Kichwa cha treni kikifika kinapumua kama ng'ombe aliyetoka mbali, kinasogezwa chini ya bomba, kinakunywa. Kikishiba, mwenye bomba anawaachia mama zetu wanachota. Hakuna aliyeandikiana na mtu. Ilikuwa desturi: treni kwanza, watu baadaye. Hata vichwa vya moshi vilipokwisha na kuja vya dizeli, maji yaliendelea kuletwa kwa behewa kwa ajili ya watu wa stesheni, na sisi tukaendelea kupanga ndoo.

Nayasema haya mapema kwa sababu kijijini wananicheka. Wanasema mzee yule aliuza injini yake kwa kuwa aliona waya. Waongo. Mimi sikuona waya. Mimi niliona tangi.

Shule niliishia darasa la pili. Mwalimu alikuwa anapiga sana na baba yangu alikuwa na ng'ombe wa kuchungwa, basi wakaelewana. Nimebeba magunia ya watu pale stesheni mpaka bega moja likashuka kuliko jingine, na fundi wa nguo akinipima mpaka leo anauliza nimeumia nini. Sikuumia. Nilikuwa natafuta. Kwa bega hilo nilinunua injini ya dizeli iliyokwishatumika, nikaifungia mashine ya kusaga. Baadaye, watu walipoanza kulima alizeti kwa wingi, nikaongeza mashine ya kukamulia mafuta. Kubwa, ya chuma kizito, inameza gunia huku wewe bado unatafuta pa kukaa. Upande huu wote mpaka Mkiwa sijaona ya kuishinda, na kama ipo, mwenyewe aje tuzilinganishe.

Injini yenyewe ilikuwa na mlio wake. Inapiga, inapiga, inakosa pigo moja, halafu inalidaka kwa kishindo kama mtu aliyejikwaa akajishika. Mafundi walitaka kuutengeneza huo mlio, nikawakatalia. Akina mama wakiwa mashambani walikuwa wakiusikia wanaambiana, mzee kafungua, twendeni.

Sasa nimtaje shemeji yangu, maana bila yeye hakuna habari. Ni mdogo wa mwisho wa mke wangu. Alimaliza kidato cha nne, akaja kukaa kwangu, nikampa kazi kwenye mashine. Alijifunza haraka, hilo silikatai. Alipojua kazi akaondoka, akafungua cha kwake upande wa pili wa kijiji, kimashine kidogo cha kukamulia kinachozungushwa na kiinjini cha kuazima. Kilitoa mafuta kama mbuzi wa kiangazi anavyotoa maziwa. Mimi nilicheka. Halafu nikaona watu wanakwenda.

Walikuwa wanakwenda kwa maneno yake. Mimi mteja akija namwambia weka gunia pale, subiri. Yeye anamwita mama mkubwa, anamuuliza mguu unaendeleaje, anamwonjesha mafuta kwa kipande cha kiazi. Mtu anatoka pale hajapata nusu ya mafuta ambayo ningempa mimi, na anacheka mpaka nyumbani kwake. Hilo liliniuma. Wivu ninaujua, sitafuti jina jingine. Kama mtu amekamuliwa vibaya na bado anashukuru, wewe uliyekuwa unamkamulia vizuri utalala?

Na kwa kuwa ni shemeji, siwezi kumkasirikia. Kwetu shemeji ni mtani. Anaweza kukuita mzee mwenye bega la kuteleza mbele ya watu, na ukinuna aibu ni yako. Kwa hiyo kila alichonifanyia nilikimeza huku nacheka.

Ndipo ikaja reli mpya.

Ilianza kwa matuta na maroli ya kokoto. Vumbi likaingia mpaka kwenye chungu. Halafu nguzo zikasimama kando ya tuta, nguzo baada ya nguzo, na waya juu yake. Wakatuambia treni itakayopita haitakula dizeli, itavuta umeme kutoka juu. Kisha minara mirefu ikaja kutoka porini ikibeba umeme mkubwa, ikaelekea upande wa pili wa kijiji. Na pale, kuvuka kidogo tu shamba la shemeji yangu, wakajenga kituo cha kupozea umeme.

Kwa nini kwake? Ardhi yangu ni tambarare kuliko yake. Iko karibu na barabara. Nilizunguka na fimbo yangu nikitazama ile minara kuona kama haingeweza kupinda kidogo. Ingeweza. Walioipanga hawakutaka tu.

Shemeji yangu akawa mtu mwingine. Mafundi walipanga chumba kwake. Walimpa kofia ngumu ya njano, naye akawa anaivaa hata kanisani, mpaka katekista akamwambia avue. Jioni moja alinikuta pale tunapokaa wanaume, kwenye magogo mbele ya duka, akaketi akaipangusa kofia.

"Shemeji, shikamoo."

"Marahaba. Kichwa kimepoa?"

"Kimepoa, kiko karibu na kituo cha kupozea." Watu wakacheka. "Shemeji, hamia kwangu. Huko kwako hata mbwa anabwekea giza."

"Mbwa wangu anawabwekea wezi."

"Basi akija kwangu atapumzika, maana patakuwa kweupe usiku na mchana. Wakiwasha tu, mimi nafunga mota. Dizeli nitakuwa naisikia kwa jirani."

Kwa jirani, yaani kwangu. Watu wakaanza kuniangalia kama wanavyoiangalia nyumba inayovuja.

Nilitembea kurudi nyumbani nikipiga hesabu kwa njia yangu. Laini ya umeme ya kijiji inaishia kwenye taa za dukani na simu, haina nguvu ya mashine. Dizeli inanunuliwa Manyoni, inapanda bei ikitaka, inakuja kwenye pikipiki inamwagika njiani. Mavuno yakichanganya, ninacholipwa kwa kukamua karibu chote kinaishia kwenye tumbo la injini. Yeye akipata umeme wa treni, atakamua kwa bei ambayo mimi hata nikilala njaa siiwezi. Na treni itakunywa kwanza, halafu atakayekuwa karibu na bomba atachota. Nani yuko karibu na bomba? Yeye.

Basi nikaamua kuwahi. Mwenye ndoo mkononi tangi likifunguliwa ndiye anayejaza. Nilimwita dalali wa Singida mjini, anaishi Mandewa, nikamwambia tafuta mtu wa injini hii. Mke wangu alikuwa anapepeta mtama akasikia.

"Baba watoto, umewauliza wenye umeme?"

"Niwaulize nini? Tangi la stesheni aliuliza nani?"

"Lile lilikuwa maji."

"Na hii ni reli ileile."

Alisema neno moja kwa Kinyaturu, ambalo sitalitaja, akaendelea kupepeta.

Injini ikapakiwa kwenye roli. Sikusimama kuiangalia, nilikwenda shambani. Kwa kile nilichopata, nikiongeza na fahali wawili, nilinunua mota ya umeme, mpya, ya rangi ya bluu, ile ya njia tatu ambayo ndiyo yenye nguvu za kuzungusha mashine kama yangu. Nikaijengea sakafu ya zege. Nikaita watu waje waione kabla shemeji hajajenga hata msingi. Naye alikuja, na kofia yake. Aliizunguka mota kimya. Nikaona amemeza mate. Siku hiyo nilikula vizuri sana.

Mota ikakaa. Mafundi wakawa wanajaribu kituo chao, kinaunguruma kama nyuki ndani ya mzinga. Kwangu, kuku akapapenda pale juu ya mota kwa sababu pana ubaridi. Alizeti zikaanza kuinamisha vichwa mashambani, na mimi nikaona nisisubiri kuitwa. Nikavaa koti, nikaenda kwenye uzio wa kituo.

Alitoka binti, mhandisi, umri wa mjukuu wangu mkubwa. Kofia yake ilikuwa nyeupe. Ya shemeji ilikuwa ya njano, nikauliza tofauti, akasema nyeupe ni ya wakubwa. Hilo nililihifadhi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kwa habari ya kuchota."

"Kuchota nini, babu?"

Nikamweleza. Mashine, mota, sakafu ya zege. Nikamwambia treni ikishavuta vya kwake, mimi nitatosheka na kinachobaki. Hakucheka, na nilikuwa namtazama vizuri kuona kama atacheka. Aliniletea kiti cha plastiki, tukakaa yeye upande wake wa uzio na mimi upande wangu.

"Babu, umeme huu haubaki. Treni ikivuta, ndipo unakuja. Isipovuta, haukai mahali ukasubiri."

"Hauna tangi?"

"Hauna tangi. Na wenyewe si wa aina ya mota yako. Ule waya wa juu ni njia moja peke yake, yenye nguvu ya kuua ng'ombe kabla hajaugusa. Mota yako inataka njia tatu, nguvu ndogo. Huo unatoka kwenye laini ya kijiji."

"Laini ya kijiji inawasha taa na kuchaji simu."

"Ndiyo. Mpaka mletewe transfoma kubwa. Kijiji ndicho kinachoomba, wenzetu wanaosambaza umeme wa vijijini ndio wanaoleta. Mimi hapa nina treni tu."

Nikamuuliza treni inalipa, au inakunywa bure kama zamani. Akasema inalipa, tena sana. Umeme ndio chakula chake chote, na una mita yake hapohapo. Halafu akanieleza jambo ambalo sijaacha kulifikiri. Kwamba treni hailipii tu kile ilichokula. Inalipia pia ile saa iliyovuta kwa pupa kuliko saa zote. Treni mbili nzito zikipanda mwinuko wa Saranda kwa pamoja, mwezi mzima unahesabiwa kwa ulafi wa saa hiyo. Kwa hiyo wanaopanga safari wanatakiwa kuzipishanisha.

Hilo nililielewa pale pale. Mavuno yakiiva wanakuja wote siku moja, unanunua injini kubwa kwa ajili ya wiki chache, na miezi mingine unailisha ikiwa imekaa bure.

"Lakini ikishuka," akasema, "inarudisha."

"Inarudisha nini?"

"Umeme. Treni ikiteremka Saranda kwenda Dodoma, badala ya kufunga breki tu, mota zake zinageuka zinatengeneza umeme, unapanda kwenye waya, treni nyingine inayopanda inautumia. Gharama inapungua."

Nilifikiria mambo yote niliyoshuka nayo katika maisha yangu na sikurudishiwa kitu. Injini yangu haikuwahi kunirudishia hata kijiko. Na huyu, chuma, hajabeba gunia la mtu, akiteremka tu analipwa.

"Mwanangu, treni inapendelewa."

Hapo ndipo alipocheka. "Kweli babu. Hata mimi wakati mwingine naona hivyo."

Nilirudi kwa njia ya porini ili nisipite kwa shemeji. Nilijipoza kwa wazo moja tu, kwamba na yeye hatapata. Sote giza. Hilo lilinitosha kunifikisha nyumbani, nikanywa uji.

Halafu alizeti zikavunwa. Asubuhi moja nimekaa na mswaki mdomoni, nikasikia upande wa pili wa kijiji. Inapiga, inapiga, inakosa moja, inadaka.

Mke wangu alikuwa kwenye jiko. Mkono wake ukasimama. Hakunitazama, akaendelea kukoroga.

Nilikwenda nikiwa bado na mswaki. Pale uani kwa shemeji kuna akina mama wamekaa juu ya magunia yao, na injini yangu iko chini ya kibanda cha makuti, imepakwa rangi ya kijani kama inakwenda harusini. Imefungwa kwenye kile kimashine chake kidogo.

"Shemeji!" akapaza sauti kushinda mlio, mkono juu ya injini. "Karibu. Huyu mzee wako kila asubuhi ananiuliza habari zako."

"Umeipata wapi?"

"Dalali kaniletea. Mimi nilisema nataka injini, sikusema ya nani."

"Ulijua."

"Shemeji, mlio huu nani hajui?" Akina mama wakacheka, na mmoja akasema, mzee, injini imeolewa, usimfuate binti kwa mumewe. Nikacheka na mimi. Nilicheka mpaka taya zikauma, ndivyo desturi inavyotaka.

Alikuwa ametoa wapi akili hiyo, yeye niliyemwona akimeza mate mbele ya mota yangu? Baadaye alimwambia dada yake kwamba alikwenda kwenye uzio kabla yangu. Alimuuliza yule binti wa kofia nyeupe, akajibiwa, akanyamaza. Mimi nikiwa natafuta wa kuninunulia, yeye alikuwa anatafuta wa kumuuzia.

Lakini Mungu si wa mtu mmoja. Injini ilikuwa na nguvu, mashine yake haina. Nilikaa kwangu nikisikiliza. Inapiga, inapiga, kisha pa! Mkanda umekatika. Kimya. Wanafunga mwingine. Pa! Kila mkanda ulipokatika nilimwambia mke wangu aongeze sukari kwenye chai. Na kile kimashine kikilazimishwa kwenda mbio kikawa kinaunguza mbegu, mafuta yanatoka meusi, mashudu yananuka moto.

Kwangu kulikuwa na mashine kubwa haina wa kuizungusha. Kwake injini kubwa haina cha kuzungusha. Kijiji kizima kiliona. Kuku kwenye mota aliona. Sisi wawili tukakataa kuona. Mimi nikasema alete injini kwangu. Yeye akasema nipeleke mashine kwake. Tukawa tunatumiana maneno kwa wapita njia. Na akina mama, ambao hawali maneno, wakachanga nauli wakaanza kupakia alizeti kwenye roli kwenda kukamua Manyoni. Nililiona roli lile likipita mbele ya mlango wangu limejaa, halafu nikalisikia likipita mbele ya mlango wake. Halikusimama kwa yeyote.

Mke wangu ndiye aliyekwenda. Hakusema anakwenda wapi. Alifunga magunia yetu wenyewe, ya shamba letu, akayapandisha kwenye roli lile la Manyoni, akarudi jioni na madumu ya mafuta. Akaweka dumu moja mbele yangu, jingine akampelekea mdogo wake.

"Kuleni," alisema. "Mafuta ya watu wa mbali. Wewe na mdogo wangu mnaoneana wivu juu ya chuma, na wenye chuma wako Manyoni wanawacheka."

Niliyaonja nikitafuta kasoro. Hayakuwa nayo. Yalikuwa safi, ya dhahabu, mafuta kama yangu. Hayo ndiyo yaliyonishinda. Kumwonea wivu shemeji nimeshazoea, ni kama mguu mbaya, unatembea nao. Lakini nikawaza mtu wa Manyoni nisiyemjua, ameketi ananenepa kwa alizeti za kijiji changu, hata hajui kuwa nipo. Huyo sikuweza kumvumilia.

Nikaita vijana wa mkokoteni wa ng'ombe. Mashine yangu ikatoka, ikavuka kijiji mchana kweupe watu wakitazama, na mimi nikitembea mbele yake ili ionekane nimeileta, sikunyang'anywa. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni. Mara hii hakuwa na kofia.

"Umekuja, shemeji."

"Mashine imekuja. Mimi nina masharti."

"Taja."

"Sharti ni moja. Hendeli ya kuwashia injini inakaa kwangu."

Alinitazama, akatazama injini ile ya kijani. Bila ile hendeli huwezi kuiwasha hata ukiiombea. "Yaani kila siku nikusubiri?"

"Kila siku."

"Shemeji, wewe ni mchawi."

"Na wewe ni mwizi. Tufunge mkanda."

Tulifunga. Wateja wamerudi, hata wa Mkiwa wanakuja. Maombi ya transfoma tumepeleka kijijini, tunaambiwa tusubiri, na mota yangu bado inalala na kuku. Mafuta yanatoka vizuri kuliko yalivyowahi kutoka kwake au kwangu, na watu wanasema twende kwa kijana. Kwa kijana! Mashine yangu, injini iliyokuwa yangu, na jina lake.

Ndiyo maana asubuhi sina haraka. Nakunywa chai yangu, nachukua hendeli kutoka uvunguni, nakivuka kijiji polepole. Nikifika nawakuta wamejaa uani, magunia yamepangwa, shemeji anawachekesha wasichoke. Nasimama kidogo langoni, nipate kuona kwamba hakuna kitu kinachozunguka pale. Kisha wanasalimia, shikamoo mzee, wote, mpaka na yeye. Naitikia mmoja mmoja.